Grisi ya Upande wa Kushoto

Watu wa mtaa wetu wa Dunda wakikwambia kwamba fundi Yunus hakosei, ujue habari hiyo waliipata kwangu mwenyewe. Nimeisema miaka thelathini, gerejini, misibani, hata kwenye harusi za watu, mpaka ikawa inasemwa bila mimi kuwapo. Nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na kwa miaka yote hiyo sikuona haja ya kurekebisha kimojawapo. Haya ninayosimulia yametokea mwaka huu, na mpaka leo nikipita pale penye kijiwe cha kahawa naona uso unaniwaka.

Gari lenyewe ni Moris, dogo, la rangi ya maziwa, la mwaka sitini na nne. Lilikuwa la Mwalimu Mikdad, mzee wetu wa mjini, aliyelirithi kwa baba yake aliyekuwa na duka la vitambaa. Miaka ishirini na mbili nililihudumia mimi peke yangu. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Mwalimu alikuja nalo gerejini, mkewe Bi Shufaa amekaa kiti cha kushoto, nami nikaipiga grisi miguu ya mbele. Magari ya zamani namna ile yana vifundo vinavyopinda na gurudumu, na vifundo hivyo visipopata grisi vinasagika chuma kwa chuma. Kila kifundo kina kidude kidogo kinachopokea mdomo wa bomba la grisi; sisi mafundi tunakiita chuchu. Moris ile ina chuchu nne mbele, mbili kila upande, juu na chini. Nikimaliza nilifuta mikono nikasema, "Tayari, Mwalimu, nimepiga kote." Naye alijibu, "Allah akubariki, fundi," kisha wakaondoka taratibu, wanasalimia watu mtaa mzima.

Mwalimu Mikdad alifariki mwezi wa tano, kwa maradhi ya moyo. Bi Shufaa akakaa eda, na gari likabaki kwa binti yao wa pekee, Yasmini, anayefundisha watoto wadogo kwenye shule moja ya Kerege. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuendesha, na alisema mbele ya watu kwamba gari ni la Yasmini. Mimi sikulipenda jambo lile. Gari nililolilea miaka ishirini na mbili nililiona likipita asubuhi na msichana wa miaka ishirini na sita, naye amefungua vioo vyote, nikasema moyoni, hili halimalizi mwaka.

Haukupita mwezi akaja.

"Shikamoo, mjomba." Si mjomba wake wa damu, lakini ndivyo alivyoniita tangu anajifunza kusema.

"Marahaba, mwanangu. Linasumbua nini?"

"Nikifika mwendo wa hamsini usukani unatetemeka. Halafu nikikata kona kuna kitu kinagonga huku mbele, ko, ko. Mama amesema uangalie kushoto, chini, pale panapopigwa grisi."

Nilihisi damu inanipanda. Nifundishwe gari na mwanamke aliyeketi chumbani, ambaye hajalipanda tangu mumewe afe!

"Mwambie mama yako mjane aliye edani hashughuliki na magari, wala hatumi maneno kwa wanaume. Ashike msahafu wake, amsomee marehemu."

Nilijua sivyo. Sheikh wetu amelieleza mara nyingi msikitini kwamba mjane hakukatazwa kusema jambo la haja yake. Lakini dini ilikuwa karibu na mkono, nikaiokota nikampiga nayo. Yasmini aliinamisha macho, akasema, "Haya, mjomba." Nikamwonyesha benchi kule kivulini, akaenda kukaa.

Nikaliinua gari kwa jeki. Gurudumu la kushoto nililishika ubavuni, mkono huku na mkono huku, nikalitikisa: likacheza kidogo. Hiyo kwa kawaida ni tairodi, kile chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa tena: likacheza zaidi. Hapo kuna washukiwa wawili. Ama beringi ya gurudumu imechoka, ama kile kifundo kinachobeba mguu mzima kimelika. Kuwatenganisha ni kazi ya dakika moja: mtu mmoja anakanyaga breki, mwingine anatikisa. Gurudumu likitulia, mwenye kosa ni beringi. Likiendelea kucheza, ni kifundo. Kipimo hiki nimewafundisha mafundi wangapi sijui. Siku ile kilihitaji mtu wa kukanyaga breki, na mtu pekee aliyekuwapo alikuwa yule msichana niliyekwisha kumfukuzia kivulini. Sikutaka kumwita. Nikasema ni beringi.

Nikabadilisha beringi, nikabadilisha na tairodi. Baada ya siku nne akarudi. Usukani ulikuwa umetulia kidogo, lakini ko, ko, bado. Nikaongeza mafuta kwenye shokapu, nikakaza kila nati niliyoiona, nikabadilishana magurudumu, la mbele nyuma na la nyuma mbele. Wiki iliyofuata akarudi tena, amesimama mlangoni pa gereji na mkoba wake wa madaftari, na sauti imekuwa ndogo.

"Mjomba, bado linagonga. Na Mama ameniambia nikuombe tena, pale kushoto chini..."

"Umegonga wapi?" nilimkatiza.

"Sijagonga."

"Yasmini. Gari halianzi kugonga lenyewe. Umeliingiza wapi?"

Akafikiri, kwa kuwa ni mtoto mkweli. "Kuna shimo pale Kerege, karibu na njia ya shuleni. Niliingia Jumatatu iliyopita, lori lilinibana. Lakini mjomba, kugonga kulianza kabla ya hapo."

Mimi nilisikia shimo. Maneno yaliyofuata niliyaacha yapite. Nilijisikia nimepona, kwa maana nilikuwa nimeshindwa na gari mara mbili, na sasa nimepata mtu wa kumbebesha.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, nilikaa kijiweni tunapokunywa kahawa, nikaulizwa habari za Moris ya Mwalimu. Nikazitoa. Nikasema gari halina ubaya, mbovu ni dereva. Nikasema ameliingiza shimoni Kerege na amekaa anaficha. Wenzangu wakaguna, nami nikanogewa. Nilipofika kikombe cha pili, katika maneno yangu Yasmini alikuwa anakwenda mbio. Kilipofika cha tatu alikuwa na simu mkononi. Hilo la simu sikuliona wala sikuambiwa na mtu. Lilikuja tu mdomoni, likakaa vizuri, nikaliacha. Abdulwahab, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa mbele yangu, kikombe mkononi, hanywi.

Kesho yake Abdulwahab alikwenda nyumbani kwa Bi Shufaa akachukua funguo. Yasmini akawa anakwenda Kerege kwa bodaboda. Nikaanza kusikia maneno yangu yanarudi kwangu kutoka kwa watu wengine, yamenenepa: kwamba binti Mikdad ameliharibu gari la baba yake hata eda ya mama haijakwisha, na juu ya hayo ni mwongo. Siku ya tatu Abdulwahab mwenyewe akaliburuza mpaka gerejini.

"Lifanyie lote linalohitajika, Yunus. Jumapili nalipeleka shamba, Kiwangwa. Litabeba mananasi, afadhali. Yule mtoto hatalishika tena."

Akaondoka. Nikabaki na gari peke yangu, na sikuwa tena na mtu wa kumkomoa. Nikachukua kipande cha ubao, nikakikaza baina ya kiti na kanyagio la breki, nikalibana mpaka mwisho. Nikaliinua kwa jeki. Nikalishika gurudumu la kushoto, juu na chini, nikalitikisa.

Likacheza. Breki imebana na gurudumu linacheza vilevile.

Nilikaa pale nimelishika kama mtu aliyeshikwa mkono. Kisha nikalala chini kwenye mchanga, nikajivuta mpaka kwenye kifundo cha chini. Nikafuta uchafu kwa tambara. Pale palipotakiwa kuwa na chuchu ya grisi, palikuwa na bolti fupi, kichwa kimeota kutu. Niliitambua. Bolti ile niliitia mimi.

Ilikuwa miaka sita nyuma. Chuchu ilikuwa imekatika mkononi mwangu, na mteja mwingine alikuwa anapiga honi nje. Nikachakura kopo, nikapata bolti inayoingia, nikaziba tundu, nikajiambia nikienda Dar wiki ijayo nitaleta chuchu mpya. Dar nilikwenda mara nyingi. Kila mwezi nilipiga grisi chuchu tatu, na mkono ukazoea kuruka ile ya nne, mpaka na mimi nikasahau kwamba naruka. Na kila mwezi nilimwambia Mwalimu Mikdad, "Nimepiga kote." Mara sabini na kitu nilimwambia vile yule mzee, na mara zote aliniombea dua.

Nikakifungua kifundo. Ndani, yale meno yanayoushika mguu yamekwisha, pamekuwa laini kama kiganja. Mguu mzima wa gari ulikuwa umeshikwa na kutu na bahati. Kona chache zaidi na gurudumu lingejikunja chini ya gari, na yule mtoto alikuwa akilipitisha asubuhi na jioni kwenye barabara ya Kerege katikati ya malori. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Haikuwa ya kuonekana na watu, maana hapakuwa na mtu. Nilijionea aibu mwenyewe, nikatamani nisiwe na mikono.

Sitadanganya: nilikuwa na mguu wa Moris iliyokufa zamani, nimeuhifadhi stoo, kifundo chake kizima. Niliufunga, nikatia chuchu zote nne, nikapiga grisi mpaka ikatokeza pembeni. Na nilipokuwa nafanya hivyo nilikuwa napanga kunyamaza. Gari limepona, liende Kiwangwa, basi. Kilichonizuia si uchamungu. Ni yale maneno, kushoto, chini, pale panapopigwa grisi. Amejuaje? Nikakumbuka kwamba ile siku ya bolti kiti cha kushoto kilikuwa na mtu.

Nikaenda kwake. Nilisimama barazani, mlangoni kuna pazia, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi Yunus, fundi. Shikamoo, Bi Shufaa."

"Marahaba. Yasmini hajarudi."

"Nimekuja kwako wewe."

"Kwangu? Leo eda yangu imeruhusu wanaume?"

Nilistahili. Niliangalia viatu vyangu. "Nisamehe, Bi Shufaa."

"Sema kwanza nikusamehe nini. Mimi sinunui kitu ndani ya karatasi."

Ikanibidi niliseme lile jambo mbele ya pazia la maua ya bluu, mtu mzima mwenye wajukuu. "Ile chuchu ya chini, kushoto. Niliziba kwa bolti. Miaka sita sikuipiga grisi."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimekaa, mlango wazi, najipepea. Nilikuona ukichakura kopo. Nikasema, fundi ana haraka, atarudisha. Mwezi uliofuata nikachungulia, bolti ipo, na wewe unasema umepiga kote. Marehemu sikumwambia. Alikuwa anakuamini, na nilijua angeumia. Kisha na mimi nikazoea, nikadhani haina madhara."

"Na Yasmini? Kwa nini hukumwambia Yasmini?"

"Nilikutumia maneno ambayo wewe utaelewa na yeye hataelewa. Nilitaka utengeneze, kusijulikane kitu. Nilikusitiri wewe, Yunus, mwanangu akabaki uchi. Hilo nitaulizwa mimi. Lako ulilisema kijiweni, nenda kalifute kijiweni. Usilifutie hapa kwangu."

Nikaenda. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa, wote wapo, Abdulwahab katikati. Njiani nilikuwa nimepanga maneno magumu: bolti, miaka sita, uongo. Nilipokaa, muuza kahawa akanipa kikombe kabla sijaagiza, kwa heshima, nikasikia maneno yale magumu yanalainika moja moja.

"Jamani," nilisema, "kuhusu ile Moris. Yule mtoto hana kosa. Kama kuna kosa, ni letu sisi mafundi. Tuseme langu."

Tuseme langu! Nani alinituma niseme "tuseme"?

Abdulwahab aliniangalia, macho yakamlainika. "Yunus, wewe una moyo. Umeona mtoto wa marehemu anazungumzwa, umeamua kujitwisha. Allah akulipe."

"Amin," wakasema wote. Mmoja akasema watu wa namna yangu wamebaki wachache. Mwingine akanisogezea sahani ya kashata.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Palikuwa na nafasi kubwa kabisa, kila mtu ananitazama. Na mimi, aibu juu ya aibu, nikachukua kashata nikaila. Na ilikuwa tamu. Nikaaga upesi, nikasema nina kazi.

Sijafika mbali nikasikia nyuma yangu, "Mjomba! Mjomba!" Yasmini alikuwa ameshuka kwenye bodaboda pale kijiweni, ami yake amemwita, ameongea naye. Alinijia anakimbia, mkoba unampiga ubavuni.

"Shikamoo, mjomba. Ami ameniambia ulivyonitetea. Ahsante sana." Macho yalikuwa mekundu, lakini anacheka. "Silali, mjomba. Nilikuwa nasema kugonga kulianza kabla ya shimo, lakini watu wakisema sana unaanza kujishuku. Nimekaa naona kweli nimeliua gari la baba. Sasa ami amesema Jumapili atanirudishia, haendi nalo tena Kiwangwa, mradi niahidi kuendesha kwa adabu. Nimeahidi. Nimewaomba radhi wote pale."

Aliwaomba radhi. Alisimama mbele ya wanaume wanane akaomba radhi kwa ajili ya bolti yangu.

Nilitaka kusema "haya, vizuri" niende zangu. Alikuwa amefurahi, gari atalipata, nani angeumia? Lakini alikuwa ananitazama usoni, na nilimwona amechukua kosa amelivaa kama nguo yake, na atalivaa mpaka anazeeka.

"Yasmini, shimo halikuvunja kitu," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza. Safari hii sikulainisha. Nilimwambia bolti, nikamwambia mwaka, nikamwambia nilivyomdanganya baba yake kila Alhamisi ya kwanza, nikamwambia simu mkononi niliitunga mimi, na kwamba kama gurudumu lingekunjika Kerege, ningekuja msibani kwao nikahadithia jinsi alivyokuwa akienda mbio.

Kicheko kilikwisha usoni pake polepole. Hakulia. Alivuta ushungi wake mbele, akageuka.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Hapo."

Nikamfuata. Alisimama kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye mabenchi, akawasalimu wazee wote shikamoo, wakaitikia. "Mjomba ana neno," akasema.

"Tumeshalisikia," Abdulwahab alijibu, anatabasamu. "Mjomba wako ni muungwana."

"Hamkulisikia, ami. Mjomba, sema tena."

Nikasema. Nilisimama, maana kukaa nisingeweza, nikasema kwa sauti mpaka mwenye duka la ng'ambo akatoka nje kusikiliza. Nilipofika kwenye simu mkononi, muuza kahawa aliacha kugongagonga vikombe vyake. Abdulwahab aliweka kikombe chini.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita unamwambia kaka yangu umepiga kote?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyesema una moyo. Abdulwahab alimtazama mtoto wa kaka yake, kisha akaona hawezi kumtazama, akatazama barabarani. Nami nikatoa funguo mfukoni. Nilikuwa nazo tangu gari lilipoletwa, zimepata joto la mwili wangu. Nikampa mkononi mbele yao wote, nikamwambia gari liko gerejini, limepona, kushoto na kulia.

Alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na baba yake kupokea kitu kwa mkubwa.

"Ahsante, fundi," akasema, akaenda zake kulichukua.